Gesi haina harufu: kwa nini fundi anahitaji povu la sabuni

Pita karibu na duka la mitungi pale Pangani mjini siku ambayo mtungi mmoja unavuja. Utasikia harufu kama ya kitunguu kilichooza, na utasema, "gesi hiyo." Lakini unachonusa si gesi. Propeni, moja ya gesi kuu zinazojazwa kwenye mitungi, haina harufu kabisa. Harufu ile imetiwa makusudi, na nyuma yake kuna msiba.

Mwaka 1910 mkemia Mmarekani, Walter Snelling, aliitwa achunguze kwa nini petroli ilikuwa inapotea hewani. Alipotenganisha mivuke yake akaikuta propeni, gesi ambayo ukiigandamiza inakuwa kimiminika. Ndiyo maana mtungi mdogo unapikia siku nyingi: kimiminika kikitoka kinatanuka takriban mara 270. Ndiyo maana pia tundu dogo tu linatosha kuleta balaa.

Tarehe 18 Machi 1937, shule moja ya New London, jimbo la Texas, ililipuka. Ilikuwa inapashwa joto kwa gesi asilia isiyo na harufu. Gesi ilivuja ikajaa chini ya sakafu bila mtu kujua, mashine ya umeme ikatoa cheche. Walikufa karibu watu 300, wengi wao watoto. Gesi ile haikuwa propeni, ila somo ni moja. Mwaka huohuo Texas ikaweka sheria kwamba gesi itiwe harufu. Leo kwenye mitungi yetu hutiwa ethili merkaptani, ambayo pua huigundua hata ikiwa kidogo sana.

Sasa hebu tuje kwenye foklifti. Zile za gesi hubeba mtungi mgongoni, mara nyingi umelazwa. Jiko huvuta mvuke kutoka juu ya mtungi, lakini foklifti huvuta kimiminika. Hicho hupita kwenye valvu inayojifunga injini ikizimika, kisha kinafika kwenye kifaa kinachopashwa na maji ya rejeta ili kigeuke mvuke. Kwa hiyo usithubutu kufunga mtungi wa foklifti kwenye jiko la nyumbani.

Fundi anayejua kazi huipeleka foklifti mahali penye hewa, mbali na moto. Anafunga valvu ya mtungi huku injini inanguruma, anaiacha imalize gesi iliyobaki kwenye mipira mpaka izimike yenyewe. Ndipo anavaa glavu, maana kimiminika hicho huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri na huunguza ngozi kwa baridi. Akishabadilisha oringi au mpira uliochakaa, anafungua valvu polepole, anapaka maji ya sabuni kwenye kila kiungo na kuangalia. Povu likivimba, panavuja: anafunga valvu, anarekebisha, anapima tena.

Utauliza, si harufu ipo? Ipo, ila pua huzoea, na mwenye mafua hanusi. Kutu ndani ya mtungi nayo inaweza kuipunguza. Zaidi ya hapo, propeni ni nzito kuliko hewa kwa karibu mara moja na nusu: inatambaa sakafuni na kutuama kwenye shimo la gereji, wakati pua yako iko juu. Povu halichoki wala haliugui mafua.

Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa kutaka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Mitungi inayovuka mto kwa kivuko kwenda Bweni itaongezeka, na ni vizuri, kwa sababu moshi wa kuni na mkaa nao unaua. Lakini pamoja na mtungi, tuvushe na somo hili. Ukimwona mtu anatafuta uvujaji kwa njiti ya kiberiti, iwe kwenye foklifti au jiko la chipsi, mzuie, kisha mpe sabuni na kikombe cha maji.