Galaksi si kundinyota

Picha ya darubini ya James Webb iliyotolewa Julai 2022 imejaa maelfu ya galaksi, na bado wapo wanaoziita “makundinyota”. Siyo. Kundinyota, kama Jabari au Nge, ni umbo tunalolichora wenyewe kwa macho. Nyota zake zaweza kuwa mbali kabisa moja na nyingine. Galaksi ni mamilioni, hata mabilioni ya nyota zilizoshikana kwa nguvu ya uvutano. Ukiwa Kimandolu, Arusha, usiku wa Novemba, umeme ukikatika (hasara yenye faida), tazama kaskazini, juu ya Mlima Meru: kile kiwingu hafifu ni galaksi ya Andromeda, na nuru yake iliondoka huko miaka milioni 2.5 iliyopita. Lakini Kilimia, nyota za wakulima, ni jirani zetu ndani ya galaksi yetu hii.