2005: Mwaka ambao tairi halikuruhusiwa kubadilishwa

Wadau, leo naomba tuweke siasa pembeni kidogo tuzungumze matairi. Najua wapo watakaosema hayo ni mambo ya mafundi gereji. Sikubaliani nao. Tairi ndiyo sehemu pekee ya gari inayogusa barabara, na eneo linalogusa lami kwa kila tairi halizidi sana kiganja cha mtu mzima. Injini iwe na turbo, breki ziwe kubwa kama sinia, nguvu yote hiyo inafika barabarani kupitia viganja vinne vya mpira. Basi.

Na sisi vijana tunapenda magari ya kasi. Simama barabarani Dar es Salaam uhesabu Altezza, nenda Nairobi uhesabu Subaru, utachoka. Mengi ya magari haya yametoka Japani yakiwa yameshatumika, na mengi yana tabia ya kula tairi upande mmoja. Likishaliwa, swali la kwanza la mwenye gari huwa ni: "Tairi bei gani?" Mimi nadhani swali la kwanza lingekuwa: "Kwa nini limeliwa hivi?" Tofauti ya maswali haya mawili ni kubwa, na hakuna mahali ilipoonekana wazi kama katika mbio za magari ya langalanga, yaani Formula One, za mwaka 2005.

Tuanze na kanuni yenyewe. Kabla ya mwaka huo, gari la langalanga liliingia kituoni katikati ya mbio, mafundi wakabadilisha matairi yote manne kwa sekunde chache, likaondoka. Msimu wa 2005, FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, likasema imetosha. Kila gari litumie seti moja ya matairi kwa kufuzu na kwa mbio nzima, karibu kilomita 300. Kubadilisha kuliruhusiwa tu kama tairi limepata pancha au limeharibika kiasi cha kuwa hatari. Nia ilikuwa kupunguza kasi, kwa sababu tairi la kudumu muda mrefu hutengenezwa kwa mpira mgumu zaidi, na mpira mgumu haushiki lami kama ule laini. Hapo tayari tuna somo dogo: kushika na kudumu ni mambo yanayovutana. Muuzaji akikuambia tairi lake linashika kuliko yote na linadumu kuliko yote, mtazame mara mbili.

Waliotengeneza matairi hayo walikuwa kampuni mbili. Ya kwanza ni Michelin ya Ufaransa, yenye makao yake Clermont-Ferrand tangu 1889. Hawa ndio waliosajili mwaka 1946 tairi la radio (hiyo herufi R unayoiona katikati ya namba za tairi lako), wakaanza kuliuza 1949 kwa jina la Michelin X. Kabla ya hapo nyuzi ndani ya tairi zilipishana kimshazari, kwa hiyo ubavu ulipojikunja kwenye kona na uso unaokanyaga barabara nao ulijikunja. Katika tairi la radio nyuzi hutoka ukingo mmoja hadi mwingine moja kwa moja, halafu mkanda wa waya hufungwa chini ya uso. Ubavu unanesa, uso unabaki umelala chini. Likaliwa polepole na kwa usawa zaidi. Mwaka 1977 Michelin wakalipeleka Formula One wakiwa na Renault.

Kampuni ya pili ni Bridgestone ya Japani, iliyoanzishwa mwaka 1931 na Shojiro Ishibashi. Jina lake la ukoo maana yake ni daraja la mawe, naye akaligeuza Kiingereza na kuligeuza mbele nyuma. Mwaka 2004 Ferrari, wakitumia Bridgestone, walishinda mbio 15 kati ya 18. Kanuni ya tairi moja ilipoingia 2005, mambo yakageuka. Michelin walikuwa na tairi linalodumu na bado lina kasi, na timu zao za Renault na McLaren ndizo zikagombea ubingwa. Ferrari wakabaki wanashangaa.

Sasa twende Nürburgring, Ujerumani, tarehe 29 Mei 2005. Kimi Räikkönen, kijana wa Finland, anaongoza akiwa na McLaren. Akiwa anampita Jacques Villeneuve aliyekuwa nyuma kwa mzunguko mzima, anakanyaga breki kwa nguvu, gurudumu la mbele kulia linajifunga. Gari linaendelea kwenda, tairi halizunguki. Linasuguliwa sehemu ile ile moja, kama kisigino cha kiatu kinachoburuzwa. Likapata bapa.

Bapa hilo ni dogo, lakini gurudumu linazunguka mara nyingi kila sekunde, na kila mzunguko bapa linapiga chini. Waliotazama kwenye televisheni waliona gurudumu linatetemeka kama lina homa. Timu ilikuwa na uamuzi wa kufanya. Kumwita kituoni kulimaanisha kupoteza ushindi, kwa sababu Fernando Alonso wa Renault alikuwa anamkaribia. Kumwacha kulimaanisha kuomba Mungu. Wakamwacha. Mtetemo ukaendelea kuzitafuna fito zinazoshikilia gurudumu, na mwanzoni mwa mzunguko wa mwisho, wakati wa kukanyaga breki kuingia kona ya kwanza, zikakatika. Gari likateleza, likanusurika kumgonga Jenson Button. Alonso akapita akachukua ushindi. Ushindi ulikuwa pointi 10. McLaren walitaka kumi wakapata sifuri.

Tazameni mfuatano huo. Breki zilimaliza tairi, tairi likamaliza fito za gurudumu. Ubovu haukukaa pale ulipoanza. Kwenye magari yetu ya mtaani mara nyingi safari huanzia upande wa pili: shokapu imekufa au bushi zimelegea, ndipo tairi linaliwa. Lakini kanuni ni ile ile. Tairi lililoliwa vibaya linakuletea habari kutoka mahali pengine, na anayelibadilisha bila kuisoma habari hiyo ametupa barua kabla ya kuifungua.

Wiki tatu baadaye likaja kubwa zaidi. Indianapolis, Marekani, Juni 2005. Uwanja huu una kona moja, namba 13, iliyoinuliwa upande kama ukingo wa bakuli, na magari huipita kwa kasi ya kama kilomita 300 kwa saa. Kwa sababu kona inaelekea kulia, uzito wote unaegemea matairi ya kushoto. Ijumaa tarehe 17 Juni, tairi la nyuma kushoto la Toyota ya Ralf Schumacher likashindwa na gari likajibamiza ukutani. Hakuwa peke yake kupata tatizo. Michelin walipochunguza matairi yao wakakiri kwamba hawawezi kuthibitisha usalama wake kwa mbio nzima, labda magari yapunguzwe kasi kwenye ile kona. Wakasafirisha matairi mengine kutoka Ufaransa, nayo hayakuwa suluhisho. Ikaombwa kona ile iwekewe vizuizi. FIA wakakataa: waliokuja na tairi linalofaa wasiadhibiwe kwa ajili ya waliokuja na lisilofaa.

Jumapili tarehe 19 Juni, mbele ya umati mkubwa, magari 20 yalizunguka mzunguko wa kupasha moto. Halafu magari 14 yenye Michelin yakaingia kituoni, yakazima injini. Magari 6 tu ya Bridgestone yakakimbia: Ferrari mbili, Jordan mbili, Minardi mbili. Watu wakazomea, wengine wakarusha chupa. Michael Schumacher akashinda, na huo ukawa ushindi pekee wa Ferrari mwaka ule. Mbio nyingine zote 18 zilikuwa za Michelin. Baadaye Michelin wakajitolea kuwarudishia watazamaji fedha za tiketi.

Hapa ndipo napenda tukae kidogo. Tairi lililoshinda mbio 18 kati ya 19 halikufaa kwenye kona moja. Je, lilikuwa tairi baya? Hapana. Lilikuwa bora kwa kazi nyingine. Bridgestone wao walikuwa wanaimiliki Firestone tangu 1988, na Firestone ndiyo iliyokuwa ikivalisha magari ya Indy 500 kwenye uwanja huo huo. Lami ile na ukuta ule havikuwa vigeni kwao. Kanuni yenyewe haikudumu: mwaka 2006 kubadilisha matairi katikati ya mbio kukarudi, na mwisho wa mwaka huo Michelin wakaondoka Formula One.

Turudi mtaani. Ukitaka kununua tairi la gari lako la kasi, anza kwa kulisoma la zamani. Limeliwa katikati peke yake? Upepo ulizidi. Limeliwa kingo zote mbili, katikati pako salama? Upepo ulipungua. Limeliwa ukingo wa ndani tu? Gurudumu limelala, juu limeingia ndani, au pua za magurudumu zimetanuka kwenda nje. Hili ni ugonjwa mkubwa wa magari yaliyoshushwa kwa kukata springi: gari linapendeza, lakini linatembelea kingo. Pitisha kiganja juu ya meno ya tairi kutoka ndani kwenda nje, halafu urudi. Ukisikia upande mmoja laini na mwingine unakwaruza kama msumeno, magurudumu hayakunyooka. Ukiona mabonde mabonde kuzunguka tairi, angalia shokapu na balansi. Ukikuta bapa moja, ni breki, kama Nürburgring.

Rekebisha hayo kwanza, fanya alaimenti, ndipo uende dukani. Ukivaa tairi jipya kwenye ugonjwa wa zamani, utarudi dukani mapema sana.

Ukifika dukani, kumbuka Indianapolis. Usiulize lipi ni kali, uliza lipi linafaa gari hili na barabara hizi. Soma ubavuni. Mfano 225/45R17 91W: upana milimita 225, ubavu asilimia 45 ya upana huo, radio, ringi ya inchi 17, uwezo wa kubeba kilo 615 kwa tairi, kasi ya mwisho kilomita 270 kwa saa. Usishuke chini ya kipimo alichoweka mtengenezaji wa gari. Tafuta pia namba nne za mwisho kwenye mstari ulioandikwa DOT. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Hapo matairi ya mtumba yanajisema yenyewe: meno yanaweza kuwa marefu na mpira ukawa mzee, umekakamaa, hushiki tena mvua ikinyesha.

Wenye Subaru na magari mengine yanayosukuma magurudumu yote manne muda wote, ninyi kanuni yenu ni ngumu zaidi. Tairi jipya moja kati ya matatu yaliyochakaa lina mzingo mkubwa zaidi, kwa hiyo linazunguka polepole kuliko wenzake, na difu ya katikati inalazimika kufanya kazi hata kwenye barabara iliyonyooka. Subaru wanataka tofauti ya mzingo isizidi robo inchi, kama milimita 6. Kwa hiyo ama yote manne, ama utafute lililochakaa sawa na mengine, aina ile ile. Na mwenye gari la kusukuma magurudumu mawili akinunua jozi moja tu, jozi mpya ikae nyuma, hata kama gari linavutia mbele. Mbele pakiteleza gari linakataa kukata kona na utalihisi kwenye usukani mapema. Nyuma pakiteleza gari linageuka, na wengi wetu hatuna mikono ya Räikkönen.

Najua hoja itakayokuja: hela. Matairi manne kwa pamoja yanauma, na fundi wa alaimenti naye anataka chake. Lakini hebu tuulizane. Kama McLaren, wenye wahandisi na kompyuta zote zile, walishindwa kuidanganya tairi kwa mizunguko iliyobaki, sisi tunaoendesha Dar hadi Morogoro na familia ndani tunategemea nini?

Leo jioni, kabla hujawasha gari, washa tochi ya simu uinamie tairi la nyuma upande wa ndani, kule kusikoonekana. Halafu uje unieleze ulichosoma.