Kalori 2,000 zilitoka wapi?

Chukua kopo la siagi ya karanga, lile la kutoka nje linalouzwa supamaketi, uligeuze nyuma. Utakuta kisanduku cheusi na cheupe kilichozungushiwa mstari, juu herufi nene, chini nyembamba. Vijiko viwili, gramu 32: kalori 190, mafuta gramu 16, na kando yake asilimia 21. Asilimia 21 ya nini? Jibu liko chini kabisa, kwa herufi za kutafuta miwani: hesabu ni ya mtu anayekula kalori 2,000 kwa siku.

Mtu huyo ni nani? Mbeba magunia wa Kariakoo hawezi kuwa yeye, wala mama aliyeshika jembe tangu alfajiri. Nilipomfuatilia hadi kwao Marekani nilidhani nitamkuta maabara. Nilimkuta kwenye meza ya majadiliano.

Kalori za chakula, kweli, zilipimwa maabara. Miaka ya 1890 Wilbur Atwater, profesa wa kemia wa Chuo cha Wesleyan kule Connecticut, alijenga na wenzake chumba kidogo mithili ya kabati, wakawa wanamfungia mtu humo siku kadhaa na kupima chakula kilichoingia, joto lililotoka na hata choo chake. Kwake ndiko tulikopata hesabu inayotumika mpaka leo: gramu ya wanga au protini kalori 4, gramu ya mafuta kalori 9.

Lebo ilichelewa sana. Mwaka 1973 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliweka utaratibu wa kuandika virutubishi, ila ulimbana hasa mwenye kiwanda aliyeongeza virutubishi au kujisifia lishe. Mwaka 1984 Kellogg's ikaanza kuandika kwenye boksi la nafaka zake za asubuhi kwamba nyuzinyuzi huenda zikasaidia kuepusha saratani, na wengine wakafuata mkumbo. Ilifika mahali kila boksi lina tiba yake.

Rais George H. W. Bush akatia saini sheria ya lebo Novemba 8, 1990. Kuisimamia akapewa David Kessler, mkuu wa FDA, daktari wa watoto aliyekuwa pia na shahada ya sheria. Huyu hakuwa na masihara. Aprili 1991 maofisa wake walikamata pakiti zipatazo 24,000 za juisi ya Citrus Hill mjini Minneapolis, kwa sababu ziliandikwa ni juisi mbichi ilhali ilitengenezwa kwa juisi iliyokolezwa kisha ikazimuliwa. Wenye viwanda wakaelewa.

Sasa ikaja kazi ya kutafuta kigawanyo. Ukitaka kusema gramu 16 ni asilimia fulani ya mafuta ya siku, lazima kwanza useme siku yenyewe ina kalori ngapi. FDA ilitazama tafiti ambamo watu walieleza wenyewe walichokula: wanawake kati ya 1,600 na 2,200, wanaume kati ya 2,000 na 3,000. (Na mtu akiulizwa alichokula jana, maandazi mawili ya saa nne huwa hayakumbuki.) Pendekezo la kwanza likawa 2,350. Wataalamu wa lishe wakalikataa: wengi wataiona namba hiyo kama ruhusa ya kujishindilia, na wanawake wa makamo hawafiki huko. Isitoshe, nani atagawa kwa 2,350 akiwa amesimama dukani? Ikachaguliwa 2,000, namba ya mviringo, ya chini kidogo, rahisi kichwani.

Wizara ya Kilimo, ambayo ndiyo husimamia lebo za nyama na kuku, iliipinga hiyo 2,000. Rudi kwenye kopo letu uone kwa nini jambo hili lilikuwa la fedha. Kwa kalori 2,000, kikomo cha mafuta kiliwekwa gramu 65, hivyo gramu zetu 16 ni asilimia 25. Kwa namba ya juu zaidi, tuseme 2,500, kikomo kinapanda hadi 80, na gramu zilezile zinakuwa asilimia 20. Mwenye kuuza soseji anajua angependa ipi. Waziri wa Kilimo Edward Madigan na Waziri wa Afya Louis Sullivan walishindwa kuelewana, shauri likafika kwa Bush mwenyewe. Desemba 1992, akiwa ameshabwagwa na Clinton na anasubiri tu kufungasha, aliamua upande wa Sullivan na Kessler. Kambi ya pili ilipata kifuta jasho: chini ya kisanduku ikawekwa safu ya ziada ya kalori 2,500.

Kisanduku chenyewe kilichorwa na Burkey Belser, msanifu wa michoro wa Washington, kikawa lazima kuanzia Mei 1994. Mwaka 2006 kikaongezwa mstari wa mafuta ya transi. Mwaka 2016, Michelle Obama akiwa mbele ya kamera, ulitangazwa mstari wa sukari iliyoongezwa, na neno kalori likanenepeshwa lionekane kwa mbali. Kikomo cha mafuta nacho kikapandishwa kutoka gramu 65 hadi 78, ndiyo maana kopo linasema asilimia 21 badala ya 25, ingawa siagi ni ileile.

Katika mabadiliko hayohayo safu ya kalori 2,500 ilifutwa. Ya 2,000 ilibaki, na chini yake wakaandika kwamba inatumika kwa ushauri wa jumla tu.