Vipuri imara vya gari la rimoti: mfano wa Traxxas Slash

Vipuri imara ni vile vinavyofungwa kwenye gari la rimoti badala ya vya kiwandani, ili gari lihimili kuruka, kupinduka na kugonga. Mfano mzuri wa kueleza habari hii ni Traxxas Slash, gari la Marekani la kipimo cha 1/10 lililoingia sokoni mwaka 2008, likiwa na umbo la pikapu za mashindano ya barabara za vumbi. Limependwa mno, hivyo kampuni nyingi hulitengenezea vipuri, na hapo ndipo mnunuzi hupotea: vinavyong'aa ni vingi, vinavyodumu ni vichache.

Wengi hudhani kipuri kigumu ndicho kidumucho. Tazama mkono wa mbele, ule unaounganisha gurudumu na chasisi. Gari likigonga ukingo wa barabara kwa kasi, lile pigo halipotei hewani. Lazima lipokelewe na kitu. Mkono wa nailoni hupinda, hulimeza kwa sehemu, kisha hurudi ulivyokuwa. Wa alumini ama hupinda ukabaki umepinda, na gari likaanza kuvuta upande mmoja, ama husalia mzima na kulipeleka pigo kwenye pini na sehemu ya chasisi inayoishika. Sehemu hiyo ikipasuka, nusu ya gari hufunguliwa kwa ajili ya kipuri kimoja. Kwa hiyo mikono na bampa ziwe za nailoni nzuri. Kampuni ya RPM ya California imejijengea jina kwa mikono ya aina hiyo, na inastahili sifa.

Nailoni nayo hutofautiana. Iliyochanganywa na nyuzi za kioo hukakamaa vizuri, lakini ikipigwa ghafla hukatika badala ya kukunjika. Unyevu pia una kazi yake: nailoni iliyokauka sana huwa rahisi kuvunjika, na ikinywa maji kidogo hupata unyumbufu. Ndiyo maana baadhi ya wenye magari huchemsha mikono mipya majini kabla ya kuifunga. Ukiukunja mkono kwa vidole kabla na baada ya kuuchemsha, tofauti huonekana. Baridi kali hufanya kinyume. Mkono uliovumilia kiangazi chote unaweza kukatika asubuhi ya theluji.

Chuma mahali pake ni kwenye sehemu zinazozunguka. Shafti za nyuma za Slash ya kawaida ni za plastiki, zinazoingiana na kutoka kama darubini, na kwa mota ya brashi ya Titan 12T zinatosha. Mwenye gari akifunga mota isiyo na brashi na betri ya lipo ya seli 3, yaani volti 11.1 badala ya 7.4 za seli 2, shafti hizo huanza kujinyonga, hasa gurudumu linapotua likiwa bado linazunguka kwa nguvu. Hapo shafti za chuma, kama zile za kampuni ya MIP, zina thamani ya bei yake. Pinioni, yaani gia ndogo ya mota, nayo iwe ya chuma. Gia kubwa inayokutana nayo ni heri ibaki ya plastiki: ni rahisi kununua, na ni afadhali iishe hiyo kuliko giaboksi. Weka kipande cha karatasi kati ya gia hizo mbili, zisogeze zikutane, kaza mota, kisha toa karatasi. Ubaki mchezo mdogo unaousikia kwa kidole. Klachi ya kuteleza isikazwe hadi mwisho, maana ndiyo inayolinda gia zote gari linapotua.

Alumini inafaa pachache. Vifuniko vya shokapu vya plastiki huchomoka gari likianguka vibaya, na mafuta yakamwagika. Vya alumini hushika. Vishikio vya beringi za nyuma navyo hunufaika, kwa kuwa tundu la plastiki hupanuka taratibu na gurudumu likaanza kuyumba.

Skrubu inayoingia kwenye chuma au alumini ipakwe gundi ya skrubu, la sivyo mtikisiko utaifungua. Inayoingia kwenye plastiki haihitaji, na gundi hiyo huweza kupasua baadhi ya plastiki.