Moshi wa Kintinku na Kumbukumbu ya Hewa

Wiki hii niko Kintinku, wilaya ya Manyoni, mkoa wa Singida. Kwa msiopajua: ukipanda treni ya reli ya zamani kutoka Dodoma kwenda Tabora, unapita Kintinku kabla ya kufika Manyoni. Reli hiyo Wajerumani waliianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma 1914. Historia ya reli imeandikwa sana. Leo nataka tuongelee historia tusiyoizoea: historia ya hewa.

Huku mvua ni za msimu mmoja. Zikikatika, nyasi zinakauka, mabaki ya mashamba yanachomwa, matanuri ya mkaa yanafuka. Jikoni kuni haziishi mwaka mzima. Kila mzee anajua kiangazi kina moshi na vumbi. Lakini moshi huo una nini ndani yake, na nani Bongo hii aliwahi kuuchunguza?

Jibu linapatikana Morogoro, kwenye reli hiyo hiyo. Mwanakemia Stelyus Mkoma wa Chuo Kikuu cha Sokoine alianza kukusanya chembechembe za hewani katikati ya miaka ya 2000, akishirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji. Mwaka 2011 zikakusanywa sampuli nyingine Morogoro, za msimu wa mvua na za kiangazi, na matokeo yakatoka 2013 akiwa na Kimitaka Kawamura wa Chuo Kikuu cha Hokkaido, Japani.

Kazi yenyewe inaendaje? Pampu inavuta hewa, kichujio kinanasa chembe. Zile ndogo kabisa hazizidi maikromita 2.5, wakati unywele wa mtu una unene kama mara 30 ya hapo. Maabara wanaziyeyusha, wanatenganisha kemikali moja moja na kuzipima.

Kemikali mbili ndizo zilizonivutia. Ya kwanza ni levoglukosani, aina ya sukari inayotokea selulosi ya mmea inapoungua. Dizeli haitoi kitu hicho, vumbi halitoi. Ukiikuta kwenye kichujio, ujue kuni, nyasi au miti imeungua mahali fulani. Ya pili ni asidi oksaliki, ambayo sehemu kubwa yake hutengenezwa angani wakati gesi na moshi vinapobadilishwa na jua. Morogoro asidi hiyo iliongoza miongoni mwa asidi za kundi lake, na watafiti wakaona alama za wazi za moshi wa mimea, kuni na mkaa.

Sasa jamani, tusiharakishe. Vipimo hivyo ni vya Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Kintinku iko kwenye bonde la ufa, nchi kame, yenye mvua na vumbi vya aina yake. Huwezi kuchukua namba za kule ukazibandika huku.

Kwa nini nalisema hili leo? Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Lengo zuri, na mama zetu wanaopuliza moto kila asubuhi wanastahili. Lakini 2034 tutajuaje kama pumzi ya mama wa Kintinku imebadilika? Kuhesabu mitungi ya gesi iliyogawiwa hakutoshi. Anaweza kupewa mtungi, gesi ikaisha, akarudi kwenye mafiga.

Kichujio hakidanganyiki. Kuni zikipungua kweli, levoglukosani itapungua. Ila lazima uwe na kipimo cha mwanzo, cha masika na cha kiangazi, kilichochukuliwa hapa hapa. Moshi wa mwaka huu ukishapeperuka, hakuna mwanahistoria atakayeurudisha.

Tutafakari.