Kiwanda au Mpaka: Historia ya Kuanza Kazi Gisenyi

Kijana anayemaliza chuo hapa Gisenyi hupewa ushauri wa aina mbili. Wazee wengi humwambia atafute kampuni kubwa, apate mshahara wa mwezi, bima na akiba ya uzeeni. Wengine humshauri aanze kwa mfanyabiashara mdogo, ajifunze kazi yote haraka, kisha ajitegemee. Mimi niko mwaka wa mwisho, kwa hiyo swali hili linanihusu. Katika insha hii nalijadili kwa kutumia historia ya mji wenyewe. Hoja yangu ni kwamba ukubwa wa kampuni hautoshi kutupa jibu. Tuulize pia ni nani awezaye kuisimamisha kazi, na mfanyakazi hubaki na nini inaposimama.

Tuanze na kampuni kubwa. Bralirwa ilianzishwa mwaka 1957, Rwanda ikiwa bado chini ya Ubelgiji, na bia ya Primus ikaanza kupikwa Gisenyi mwaka 1959. Kuanzia 1963, gesi ya methani iliyotolewa katika Ziwa Kivu, pale Rubona, ilitumika kupasha moto boila za kiwanda. Mwaka 1971 Heineken ya Uholanzi ikawa mwenye hisa nyingi, na mwaka 2011 hisa zikaanza kuuzwa katika Soko la Hisa la Rwanda. Katika kiwanda cha namna hii kazi imegawanywa: mmoja hupima bia maabara, mwingine hutunza boila, mwingine huhesabu kreti ghalani. Kila mmoja hubobea katika jambo lake, na hulipwa hata mwezi ambao mauzo ni mabaya. Hata hivyo, maamuzi makubwa hufanyika mbali naye, hata Amsterdam.

Upande wa pili ni biashara ndogo za mpakani. Kila siku maelfu ya watu, wengi wao wanawake, huvuka Petite Barrière kati ya Gisenyi na Goma wakiwa na nyanya, karoti, maziwa na kuku. Anayeanza kazi kwa mfanyabiashara wa hapo hujifunza mambo mengi kwa mara moja: kununua shambani, kupanga bei, kubadilisha faranga kwa dola, kukopesha na kudai. Kiswahili tunachosomea darasani, yeye hukitumia kama chombo cha kazi. Lakini hana mkataba wala pensheni, na mtaji wake unaweza kuwa ni kikapu kimoja tu.

Historia imezipima njia hizi mbili kwa ukali. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, hakuna mshahara wala mtaji uliomlinda mtu aliyewindwa. Julai mwaka huo, serikali ya muda iliyoongoza mauaji ilikimbia kutoka Gisenyi kwenda Zaire, pamoja na mamia ya maelfu ya watu. Baadaye kiwanda, kikiwa na wamiliki wenye fedha nje ya nchi, kiliweza kufufuliwa. Mchuuzi aliyepoteza kila kitu hakuwa na wa kumfufua.

Machi 2020 likaja janga la Korona. Mpaka ulifungwa kwa watu, malori ya mizigo yakaendelea kupita. Wachuuzi wengi walikula mtaji wao hadi ukaisha. Kiwanda nacho kiliumia, kwa kuwa baa zilifungwa nchini hadi Septemba 2021. Tofauti ni kwamba hasara ya kampuni kubwa hugawanywa kwa wengi, na ya mchuuzi huangukia sufuria ya nyumbani kwake. Januari 2025, vita vilipofika Goma, makombora yaliangukia hata Rubavu, na mpaka ukatutia tena wasiwasi.

Mtu anaweza kusema kwamba basi wazee wana haki: usiache mbachao kwa msala upitao. Nakubali kwa sehemu. Mwenye wadogo wa kusomesha hawezi kulaumiwa akichagua mshahara. Lakini tusisahau kwamba bia ya kiwanda haikuwahi kujiuza yenyewe. Iliuzwa na wenye depo, baa na vibanda, yaani watu wadogo wenye ujuzi mpana. Na wachuuzi wa mpakani walioruhusiwa kuagiza mizigo kwa pamoja wakati wa Korona walifanya hivyo kupitia vikundi na vyama vya ushirika. Walipata nguvu ya ukubwa bila kuacha udogo wao.

Kwa hiyo, mimi ningeanza katika biashara ndogo, kwa masharti mawili: nionyeshwe daftari la mapato na matumizi, na biashara hiyo iwe ndani ya ushirika wenye akiba. Nikikosa hayo mawili, nitapeleka barua yangu kiwandani, na huko nitaomba idara ambayo ujuzi wake naweza kuondoka nao.