Picha za Karl Weule katika Uwanda wa Makonde (1906)

Picha za Karl Weule ni mkusanyiko wa picha mnato na filamu zilizopigwa nusu ya pili ya mwaka 1906 kusini mwa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, hasa Masasi, Chingulungulu, Newala na Mahuta, sehemu ambazo leo zimo katika Mkoa wa Mtwara. Zinaonyesha wakulima wa uwanda usio na mito pamoja na vibarua wa safari, wakati wa dhiki iliyoletwa na Vita vya Maji Maji.

Chanzo. Weule (1864–1926), mtaalamu wa mila na tamaduni kutoka Leipzig, alikusudia kwenda Kondoa Irangi, lakini machafuko ya huko yakamfanya aelekezwe Lindi. Kusini nako, Vita vya Maji Maji dhidi ya utawala wa Kijerumani vilikuwa vimeanza Umatumbi mnamo Julai 1905. Majeshi ya Kijerumani yalichoma vijiji na maghala ya chakula, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi.

Kilimo na maji. Udongo wa uwanda ni wa kichanga na hunywa mvua upesi. Wamakonde walifyeka vichaka, wakavichoma, wakapanda mtama, mahindi na mihogo. Shamba likichoka walihamia jingine. Maji yalitekwa kwenye chemchemi za mabondeni na kupandishwa mlimani kwa kichwa. Weule alisimuliwa kwamba mababu walikaa juu kwa sababu watoto waliozaliwa bondeni walikufa. Pale Newala, ukingo wa uwanda unatazama bonde la Ruvuma.

Wapagazi. Mizigo ya msafara, zikiwemo kamera, mashine ya filamu na fonografu, ilibebwa na Wanyamwezi, watu wa eneo la Tabora. Upagazi ulikuwa kazi yao tangu karne ya 19. Kodi ya nyumba, iliyoanza 1898, iliongeza haja ya fedha taslimu. Kiongozi wa wapagazi hao, Pesa Mbili, naye alichora kwa penseli, na michoro yake ilichapishwa. Hivyo msafara huu una kumbukumbu mbili: ya aliyeshika kamera na ya aliyebeba mzigo.

Tathmini. Baadhi ya picha zilitoka katika kitabu cha Weule, *Negerleben in Ostafrika* (1908), kilichotafsiriwa kwa Kiingereza na Alice Werner mwaka 1909. Wengi waliopigwa picha walitambulishwa kwa kabila tu. Kasoro hii si ya ukoloni peke yake: mwaka 1936 huko California, Dorothea Lange alimpiga picha mama mmoja katika kambi ya wavuna njegere bila kumuuliza jina; mama huyo, Florence Owens Thompson, alitambulika hadharani mwaka 1978 tu. Picha za Weule ni ushahidi wa thamani kuhusu jasho la watu wa kusini, lakini ushahidi huo una pengo. Zinastahili kurudishwa machoni pa wazee wa Newala na Masasi, ili vijiji, kazi na koo zinazoweza kutambuliwa ziandikwe.